Kadi ya Bima Isiwe Siri Wala Fimbo



Somo letu la mwezi huu linahusu jambo ambalo nyumba nyingi hulijua, lakini hulizungumza kwa kunong'ona. Mmoja wenu anaugua maradhi ya akili. Pengine ni sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka hata mtu akilala na kuamka. Pengine ni ugonjwa unaompandisha mtu juu kwa nguvu na furaha zisizo na kipimo, kisha ukamtupa chini. Pengine ni skizofrenia, ambapo mgonjwa husikia sauti wasizozisikia wengine. Amepata daktari, amepata dawa, na dawa zinamsaidia. Ndipo anapoingia mgeni mwingine nyumbani, naye ni hofu. Je, bima ikikatika tutafanyaje?

Hofu hii si ya kuchekwa. Dawa za maradhi haya huenda zikahitajika miaka mingi, na kulazwa wiki chache katika hospitali ya binafsi kwaweza kumaliza akiba ya nyumba nzima. Kwa hiyo mtu akiwa na wasiwasi juu ya kadi yake ya bima, ana sababu. Lakini kuna namna ya kuogopa inayoleta busara, na kuna namna inayoleta kile kile kinachoogopwa. Ninalowaomba mlishike leo ni hili: kuficha ugonjwa kwa ajili ya kuilinda bima kwaweza kuwapokonya bima yenyewe, na afya pamoja nayo.

HOFU MOJA, NYUMBA MBILI

Tuchukue mfano wa mtaa wa Spring Valley hapa Nairobi. Asubuhi, kando ya Lower Kabete Road, utaona watu wa aina mbili. Wapo wanaotoka ndani ya malango kwa magari yao kwenda ofisini Westlands na katikati ya jiji. Na wapo wanaoingia ndani ya malango hayo hayo kwa miguu, wengi wao wakitoka Kangemi: askari, watunza bustani, wapishi na yaya.

Fikirini nyumba ya kwanza. Mume ni mhasibu katika kampuni, na kadi ya bima ya kampuni inamtibu yeye, mkewe na watoto. Daktari amemwambia ana sonona na kumwandikia dawa. Anasema moyoni, "Nikitumia kadi, kazini watajua. Wakijua, watanifukuza. Nikifukuzwa, watoto hawana bima." Basi ananunua dawa kwa fedha zake mwenyewe, kwa siri. Mkewe anaona fedha zinapotea na kudhani kuna mwanamke mwingine. Karo ya shule inafika, fedha hazitoshi, naye anaanza kumeza dawa siku moja na kuruka siku mbili. Ugonjwa unarudi kwa nguvu. Anashindwa kuamka, anakosa kazi siku nane bila barua ya daktari, simu hapokei. Kampuni inamwachisha kazi kwa utoro. Bima imekwenda. Tazama, si jina la ugonjwa lililomfukuza. Zilimfukuza siku nane zisizo na maelezo.

Fikirini sasa nyumba ya pili. Mke ni yaya Spring Valley, na mumewe yuko Kangemi akifanya vibarua siku anazoweza. Mume husikia sauti. Akipata sindano yake ya kila mwezi hutulia na kufanya kazi vizuri. Mke hakatwi kitu kwenye mshahara, wala hajauliza, kwa sababu anaogopa mwajiri atasema ana matatizo mengi nyumbani. Wote wawili wanaamini kwamba bima ni ya watu wa ofisini. Mwezi ambao fedha hazipatikani, sindano inarukwa, na majirani wanaanza kuwaita vijana wamfunge kamba.

Nyumba hizi hazifanani kwa mali, ila kwa jambo moja: katika zote mbili mume na mke hawajawahi kuketi na kuulizana, "Sisi tuna bima gani, kwa jina la nani, na ikikoma tutakwenda wapi?"

MAMBO MNAYOPASWA KUJUA

Hofu hukua gizani. Basi tuwashe taa kidogo, tuyaangalie mambo yalivyo katika nchi yetu.

Kwanza, juu ya bima ya taifa. Wazee wetu waliijua NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pake pamechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, chini ya sheria ya mwaka 2023. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato. Askari anayelipwa shilingi 20,000 hukatwa shilingi 550 kwa mwezi. Yaya anayelipwa shilingi 18,000 hukatwa shilingi 495. Asiye na mshahara hupimwa kwa maswali juu ya hali ya nyumba yake, na hawezi kupangiwa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Yeye hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mara moja, nayo si chini ya shilingi 3,600. Kwa wasioweza kuzitoa kwa mkupuo, mwaka 2025 ulianzishwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole.

Hapa kuna jambo kubwa kwa mgonjwa na mwenzi wake. Bima ya kampuni hukoma kazi inapokoma. Bima ya taifa haikomi. Inayobadilika ni namna ya kulipa tu, kutoka kukatwa mshahara hadi kulipa mwenyewe. Mkiendelea kulipa, mnaendelea kutibiwa. Tena yapo matibabu ya ngazi ya chini, katika zahanati na vituo vya afya, yanayolipwa na mfuko wa serikali wa afya ya msingi. Huko hutakiwi kuonyesha mchango, ila uwe umejiandikisha. Kwa hospitali kubwa za ngazi ya 4 hadi ya 6, ndipo michango yenu hutazamwa. Kwa hiyo hata mkianguka kutoka juu, iko sakafu. Si sakafu ya zulia, lakini ni sakafu.

Pili, juu ya sheria. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilikataza kampuni za bima kutoa bima ya afya inayowatenga wagonjwa wa akili. Marekebisho ya mwaka 2022 yakasema wazi kwamba mwenye maradhi ya akili ana haki ya kupata bima ya matibabu, iwe ya umma au ya binafsi, na kwamba asibaguliwe wala kutendewa isivyo haki anapoitafuta. Sheria ikiwa upande wako haina maana kwamba kila karani ataifuata. Lakini ni tofauti kubwa kati ya mtu anayeomba huruma na mtu anayedai haki yake kwa upole. Kampuni ya bima ikiwanyima bila sababu, iko Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA, inayopokea malalamiko.

Tatu, juu ya kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini likizo ya ugonjwa: angalau siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara katika kila mwaka wa kazi, akiwa na cheti cha daktari. Tena mwajiri akitaka kumwachisha mtu kwa sababu ya utendaji duni au kutojiweza kimwili, hana budi kumweleza sababu na kumsikiliza kwanza, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Yaya na mtunza bustani ni wafanyakazi chini ya sheria hiyo hiyo.

Nanyi mnaosoma ukurasa huu mkiwa mmeajiri watu majumbani mwenu, neno hili ni lenu pia. Mkateni mfanyakazi mchango wake na kuufikisha SHA ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Shilingi 495 zisizopelekwa huweza kuwa ndizo zilizomfungia mume wake mlango wa hospitali.

Nne, juu ya dharura. Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mwenzi wako akisema anataka kufa, au akianza kujiaga, usingoje kadi wala usiogope polisi. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakwenda kinyume cha Katiba. Mchukue hospitali saa ile ile, ondoa sumu na kamba na vitu vya kukata mahali alipo, na usimwache peke yake. Habari za malipo mtazizungumza baadaye, mkiwa hai.

NI NANI APASWAYE KUJUA?

Wengi huuliza: je, tutangaze ugonjwa wetu kwa kila mtu? La. Kuacha kuficha si kupiga mbiu sokoni. Kuna watu watatu wa kuwatenga vizuri.

Mwenzi wako ajue yote: jina la ugonjwa, jina la dawa, kipimo chake na siku ya kurudi kliniki. Mmekuwa mwili mmoja, na mwili hauwezi kuuficha mguu mmoja kidonda cha mguu mwingine.

Kampuni ya bima iambiwe kweli pale inapouliza. Fomu ikiuliza kama umewahi kutibiwa maradhi ya akili, jibu ndiyo. Bima hujengwa juu ya uaminifu. Ukiandika uongo, wanaweza kukupokea leo na kukataa kulipa siku unayolazwa, wakati huna nafasi tena ya kutafuta njia nyingine. Ni afadhali kungojea miezi iliyoandikwa kuliko kushtukizwa mlangoni mwa wodi.

Mwajiri ajue kiasi kinachomhusu. Cheti cha daktari kinaweza kusema tu kwamba hufai kufanya kazi kuanzia siku fulani hadi siku fulani. Si lazima ofisi nzima ijue jina la ugonjwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa habari nyeti, na anayezishika hana ruhusa ya kuzitawanya. Ukihitaji kubadilishiwa zamu ya usiku kwa kuwa kukosa usingizi hukurudisha katika ugonjwa, chagua mkubwa mmoja mwenye busara, mwambie hilo, na mwombe alitunze.

KADI ISIWE FIMBO

Sasa tuingie ndani zaidi, kwa sababu ukurasa huu ni wa ndoa.

Katika nyumba nyingi kadi iko kwa jina la mmoja, na mwingine ni mtegemezi. Siku ya amani jambo hili halionekani. Siku ya ugomvi, neno hutoka: "Endelea hivyo hivyo, nitakutoa kwenye bima uone." Ndugu yangu, neno hilo husemwa kwa nusu dakika, lakini mgonjwa atalala nalo mwaka mzima. Kuanzia hapo kila akimeza kidonge atakikumbuka. Ataanza kukubali mambo yasiyokubalika, hata kupigwa, ili asipoteze dawa. Au atajifanya amepona ili asionekane mzigo, aache kwenda kliniki. Huko ni kumshika mtu kwa koo lake.

Siku ya ndoa mliahidiana uaminifu wakati wa afya na wakati wa maradhi, wala hakuna aliyesema "isipokuwa maradhi ya kichwa". Bima unayomwekea mke au mume wako si zawadi unayoweza kuichukua ukikasirika. Ni sehemu ya ile ahadi, kama chakula na paa. Basi pataneni leo kwamba neno hilo halitasemwa nyumbani mwenu, hata kwa utani.

Na wewe mgonjwa unalo sharti lako. Usiufanye ugonjwa kuwa kinga ya kukataa kila wajibu. Mwenzi wako naye huchoka, hulala vibaya, huogopa. Akikuuliza, "Umemeza dawa?" usimjibu kana kwamba amekutukana. Mpe ruhusa ya kukuuliza mara moja kwa siku, naye asirudie mara tano.

Mara nyingine ndugu huingia kati. Shangazi atasema ni pepo, mjomba atasema ni laana ya ukoo, mama mkwe atamshauri mwanawe atafute mke mwingine "mwenye akili timamu". Wasikilizeni kwa heshima, lakini mlango wa chumba chenu muufunge. Sala haikatazwi, tunaihimiza. Nabii Eliya alipochoka hata akaomba afe, malaika hakumwanzia kwa mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Mungu aliutunza mwili wa nabii kwanza, kisha akasema naye mlimani. Anayemwombea mgonjwa huku akimnyang'anya dawa hajajifunza kwa malaika huyo.

Kanisa lenyewe halioni haya. Mwaka 2006, Siku ya Wagonjwa Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 11 Februari, ilielekezwa kwa maradhi ya akili. Na kama mwaona aibu kwamba baba wa nyumba amelazwa Mathari, mkumbukeni Louis Martin, baba wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Mwaka 1889 alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Caen, Ufaransa, akakaa humo miaka mitatu hivi. Watu wa mji walinong'ona juu ya binti zake. Tarehe 18 Oktoba 2015 yeye na mkewe Zélie walitangazwa watakatifu, mume na mke pamoja. Basi hospitali ya Mathari, ambayo imewatunza wagonjwa hapa Nairobi tangu mwaka 1910, si mahali pa kumfuta mtu katika ukoo.

HOFU YA KUPONA

Ipo hofu nyingine, ya ajabu kidogo. Mgonjwa anapata nafuu, naye anaanza kuogopa nafuu yenyewe. "Nikionekana mzima, wataninyima msaada niliokuwa nikipewa. Nikipata kazi nzuri zaidi, bima ya huko itanipokea?" Basi anakaa pale pale, katika kazi inayomuumiza, kwa sababu ya kadi.

Kwa huyu nasema: nafuu si kupona kabisa, wala daktari mwema hawezi kuichanganya. Shinikizo la damu likishuka kwa sababu ya dawa, hakuna anayesema dawa ikome. Vivyo hivyo hapa. Mwambie daktari kweli juu ya nafuu yako, naye ataandika kwamba uko imara ukiwa katika matibabu. Maneno hayo hukusaidia kazini na kwenye bima pia, kwa kuwa yanaonyesha mtu anayejitunza.

Na ukitaka kubadili kazi, usikae milele kwa hofu, wala usiruke kwa pupa. Uliza kwanza bima mpya inaanza siku gani, inalipia maradhi ya akili kwa kiasi gani kwa mwaka, na kama kuna miezi ya kungojea. Hakikisha SHA yako iko hai katikati ya kazi mbili. Na jambo moja ulikumbuke daima: usiandike barua ya kuacha kazi ukiwa ndani ya ugonjwa. Uamuzi ulioandikwa usiku wa sonona au wakati wa furaha isiyo na kipimo, uache ukae wiki mbili, mwenzi wako ausome, daktari ausikie.

YA KUFANYA MWEZI HUU

Tafuteni jioni moja, watoto wakiwa wamelala, mzime redio na simu, mketi mezani na daftari.

1. Andikeni bima zote mlizo nazo. Kwa jina la nani? Inaisha tarehe gani? Maradhi ya akili yanalipiwa shilingi ngapi kwa mwaka? Bima nyingine huweka kiasi kidogo zaidi kwa maradhi haya. Mkijua kiasi hicho mwezi wa kwanza, hamtashtuka mwezi wa tisa.

2. Hakikisheni nyote mmejiandikisha SHA, na kwamba mume au mke na watoto wameandikwa kama wategemezi. Piga *147# kwa simu, au nenda Huduma Centre. Msifikiri kwamba kwa kuwa mlikuwa NHIF mambo yote yalihama yenyewe. Ikiwa wote wawili mmeajiriwa, kila mmoja atazame karatasi yake ya mshahara aone kama makato yapo, kisha aulize kama yamefika.

3. Muulizeni daktari maswali mawili. La kwanza: dawa hii ipo katika hospitali za umma? La pili: bima ikikoma, ipo dawa ya aina hiyo hiyo yenye bei nafuu? Dawa nyingi zina ndugu yake isiyo na jina la kampuni kubwa, inayofanya kazi ile ile. Kubadilisha kufanywe na daktari, si na muuza duka.

4. Msikatishe dawa ghafla kwa sababu kadi imekwisha. Dawa nyingi za akili huacha madhara zikikatwa kwa mkupuo, na ugonjwa huweza kurudi ukiwa mkali zaidi. Msiache dawa zibaki za siku mbili ndipo mtafute. Zikibaki za wiki mbili, anzeni kutafuta.

5. Andikeni dalili za mwanzo za mgonjwa wenu: kukosa usingizi, kununua vitu ovyo, kunyamaza, kuacha kuoga, kushuku watu. Pataneni mapema, akiwa mzima, kwamba dalili mbili zikionekana mwenzi atampeleka kwa daktari, naye hatabisha.

6. Wekeni faili moja: nakala za kadi, vitambulisho, barua za daktari, risiti na vyeti vya likizo ya ugonjwa. Mwenzi ajue iliko. Siku ya kulazwa hakuna anayekumbuka.

7. Wekeni akiba ya matibabu kando, hata shilingi 100 kwa wiki, katika chama au katika simu. Baada ya mwaka ni shilingi 5,200, zaidi ya kiwango cha chini cha mchango wa mwaka mzima. Kazi ikikatika ghafla, hamtakuwa na pengo.

8. Mkiweza, pigeni hesabu kama nyote wawili mnategemea kazi moja kwa bima. Nyumba yenye nguzo moja huyumba upepo ukija. Yule wa pili akiwa na mchango wake, hata mdogo, nyumba ina nguzo ya pili.

Katika mfano wetu wa kwanza, yule mhasibu angeweza kumwambia mkewe usiku ule ule, kutumia kadi yake, na kupeleka cheti cha daktari siku ya kwanza ya kukosa kazi. Huenda bado angepata bosi mgumu. Lakini angekuwa na mke upande wake, karatasi mkononi na sheria nyuma yake. Yule yaya naye angeweza kumwambia mwajiri, "Mama, naomba nikatwe mchango wa SHA kama sheria inavyosema." Sentensi hiyo haitaji ugonjwa wa mtu yeyote, nayo inampatia mumewe njia ya hospitali.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA MUME NA MKE

1. Je, yupo kati yetu anayebeba hofu ya bima peke yake? Kwa muda gani?

2. Tumewahi kulitumia neno "bima", "dawa" au "ugonjwa wako" kama silaha katika ugomvi? Ni neno gani tunaliondoa leo nyumbani?

3. Kazi ya mmoja wetu ikikoma mwisho wa mwezi huu, dawa ya mwezi ujao itatoka wapi? Andikeni jibu, msiliseme tu.

4. Je, katika jumuiya yetu ndogo ndogo ipo familia yenye mgonjwa wa akili ambayo haijajiandikisha SHA? Nani kati yetu atawatembelea na kuwasaidia?

Swali la nne msiliruke. Yule mwenye kupooza aliletwa kwa Yesu na watu wanne waliotoboa dari. Peke yake asingefika. Wapo wagonjwa Kangemi na Spring Valley ambao dari yao ni fomu wasiyoweza kuijaza, au namba ya simu wasiyothubutu kuipiga. Mkikutana wiki hii, pelekeni kalamu.

Mungu awabariki katika nyumba zenu, na awape usingizi mwema.